Kutunga Njiani, Kuandika Alfajiri

Mtaani kwetu Segerea, Dar es Salaam, maji ya bomba hutoka alfajiri, mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na dalili yake ya kwanza ni mluzi wa hewa kwenye koki ya uani, ukifuatwa na kikohozi cha bomba, kisha mchirizi mwembamba unaokazana kidogo kidogo mpaka unafikia unene wa kidole gumba. Nyumbani tuna madumu kumi ya lita 20, yale ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kula, na kila dumu hujaa kwa dakika sita hivi, kwa hiyo lazima mtu mmoja awe macho kwa saa nzima ili kuhamisha mpira kutoka dumu moja hadi jingine. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Nilipomwomba aniachie, miaka miwili na miezi minne iliyopita, alidhani ninauhurumia mgongo wake, nami sikumweleza mara moja kwamba nilichokitaka ni ile saa yenyewe, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akinidai.

Riwaya ninayoiandika, ambayo sasa imefika sura ya kumi na mbili, karibu yote imeandikwa katika saa hiyo, juu ya meza ya jikoni, mlango wa uani ukiwa wazi nusu ili niyasikie maji. Dumu linapokaribia kujaa sauti hupanda, kutoka mngurumo mzito hadi mlio mwembamba, na sikio langu limekwisha kuizoea kiasi kwamba ninaweza kumalizia sentensi, nikaweka kalamu, nikatoka na kuhamisha mpira bila kumwaga hata kikombe kimoja cha maji.

Watu wanaoijua habari hii, wafanyakazi wenzangu na wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huniuliza ninapata wapi muda wa kuandika. Huuliza kwa nia njema, na wengi wao wana jambo lao moyoni ambalo wangependa kuliandika: habari za mzazi aliyefariki, mashairi waliyoyaacha tangu sekondari, kisa cha familia ambacho wazee wakiondoka kitaondoka nao. Nimejaribu kuwajibu kwa mdomo mara nyingi na kila mara nimeona kwamba jibu langu linakatikia njiani, kwa sababu lina mambo mawili ndani yake, na la pili halieleweki kabla ya la kwanza.

Nianze na siku yangu, kwa ufupi, kwa sababu haina tofauti kubwa na siku za watu wengine wa jiji hili. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya wakala wa forodha mjini, si mbali na bandari. Kila tarehe 7 ya mwezi kodi ya mishahara ya wafanyakazi inapaswa kuwa imekwisha kuwasilishwa, tarehe 20 ni zamu ya ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, na baina ya tarehe hizo kuna makontena ambayo kila siku yanapochelewa kulipiwa gharama za kuyahifadhi zinaongezeka na wenye mizigo wanapiga simu. Nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Mama yangu mzazi alihamia kwetu kutoka Bagamoyo baada ya kupatwa na kiharusi. Mchana hukaa naye binti wa mdogo wangu, lakini usiku na alfajiri kumgeuza, kumwogesha na kumpa dawa ni kazi yangu. Ninatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, na foleni ikiwa na huruma ninarudi saa mbili usiku.

Anayetazama siku kama hiyo na kutafuta ndani yake nafasi ya kuandika, hataiona, nami sikuiona kwa miaka mingi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kuandika ni kazi moja. Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiniambia kila siku kuwa ni kazi mbili, na kila moja kimeipa neno lake: kuna kutunga, na kuna kuandika.

Shanga hutungwa, mimba hutungwa, wimbo hutungwa, na samaki hutungwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaanga samaki Bagamoyo, na nilipokuwa mdogo nilimfuata ufukweni mara nyingi kununua vibua kwa mitungo. Ninamwona mpaka leo amechutama kwenye mchanga uliolowa, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anamshika samaki kwa mkono wa kushoto, anaipitisha kamba nyembamba kwenye shavu na kuitolea mdomoni, anamsukuma chini akae juu ya mwenzake, anamshika mwingine. Macho yake hayakuwa kwa samaki hata kidogo. Alikuwa akibishana bei na mvuvi, akimwita mtoto wa jirani aje kumpokea ndoo, akiuliza hali ya mgonjwa fulani, na mtungo ukawa unarefuka pembeni ya goti lake kana kwamba unajitunga wenyewe. Hivyo ndivyo kutunga kulivyo. Kunafanyika kimoja kimoja, katikati ya mambo mengine, na mikono na kinywa vinaweza kuwa na shughuli tofauti kabisa.

Kuandika nako kuna maana moja ambayo vijana wa siku hizi wanaisikia kwa nadra, nayo ni kuandika meza, yaani kupanga chakula mbele ya watu, sahani mahali pake na bakuli mahali pake. Kazi hiyo inataka utulivu. Inataka mikono yote miwili na uso ulioelekea meza, na mtu akiingia na kukuita unaweza kuangusha kitu. Hata hivyo haihitaji muda mrefu, mradi chakula kiwe kimekwisha kupikwa.

Tofauti hiyo niliijua kwa kuumia. Mwaka mmoja kabla sijaanza kuteka maji ya alfajiri nilichukua likizo yangu ya mwaka, siku 28 kamili, nikaitolea nadhiri kwamba yote itakuwa ya riwaya. Nilikuwa nimeahirisha kwa miaka sita nikiamini kwamba kinachonikosesha ni siku nzima nzima zisizo na bosi. Nilinunua kaunta buku la kwaya tatu, nikanunua kalamu dazeni moja, nikaomba kila mtu nyumbani asinisumbue kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Nilikaa mezani. Nilitazama ukurasa. Niliandika aya ya kwanza mara kumi na tano, kila mara nikiibadilisha kidogo na kila mara ikirudi kuwa ile ile, na likizo ilipokwisha nilikuwa na kurasa nne ambazo nilizichana kwa hasira. Nilihitimisha kwamba sina kipaji, na kwa miezi kadhaa sikutaka hata kuisikia habari ya uandishi. Leo ninaelewa kwamba meza ilikuwa imeandikwa na chakula hakikuwepo. Sikuwa nimetunga chochote, kwa sababu miaka yote sita nilikuwa nikisubiri likizo ndipo nitunge.

Sentensi ya kwanza ya riwaya ilinijia ndani ya daladala, siku ambayo sikuwa ninaifikiria. Nilikuwa nimesimama, nimebanwa kati ya mama mwenye beseni na kijana wa shule, tumekwama kwenye taa za Buguruni. Mama yule alikuwa akisimulia kwa simu jinsi mteja alivyomkatalia bei, na neno lake moja likanigonga, na palepale nikamwona mhusika wangu, muuza samaki wa kwenye kitabu, akiwa hai na amekasirika. Tangu siku ile nikaanza kuweka maandishi kwenye simu. Kila kilichonijia njiani, kwenda au kurudi, nilikiandika kwa kidole gumba, kwa haraka, nusu kikiwa kifupisho, nami nikajiona nimepata dawa.

Dawa ile ilidumu wiki tano. Jioni moja, gari likiwa limesimama kituoni, mkono uliingia dirishani na simu ikaondoka. Konda alipiga kelele, abiria wawili wakachungulia, na kijana alikuwa amekwisha kupotea kati ya magari. Fedha zilizokuwemo zilikuwa kidogo na namba za watu nilizipata tena. Kilichoniliza ni yale maandishi ya wiki tano, ambayo hayakuwa mahali pengine popote. Usiku ule sikulala. Saa kumi maji yalipotoka nilikwenda kuweka mpira, nikakaa mezani na kaunta buku, nikajaribu kukumbuka.

Nilikumbuka sentensi kumi na moja. Niliziandika zikiwa zimekamilika, neno kwa neno, bila kusita, ilhali mengine yote, na yalikuwa mengi, yalikuwa yamebaki kama ukungu: nilijua kwamba palikuwa na tukio la ugomvi wa mirathi, nilijua palikuwa na maelezo ya soko asubuhi, lakini sikuwa na hata neno moja lake. Nilipozitazama zile kumi na moja kwa makini niliona jambo ambalo limebadilisha namna yangu yote ya kufanya kazi. Zote zilikuwa na mapigo. Ama zilikuwa maneno ya mtu anayesema, ama zilikuwa sentensi zenye vipande viwili vinavyojibizana, kimoja kikiinuka na kingine kikitua, na ndiyo sababu zilikuwa zimeshika kichwani bila msaada wa simu. Zile nyingine zilikuwa zimeandikwa bila kutungwa.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana na watu wa pwani karne nyingi kabla yangu, na ninaona haya kidogo kwamba nililazimika kuibiwa ili nilijue. Mizani na vina ni pambo la shairi, lakini vilevile ni kamba inayolishika lisipotee. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja una mizani nane, mitatu ya mwanzo inafanana mwisho wake na wa nne unabeba kina kinachorudi katika utenzi mzima; mtu akisahau neno, umbo lenyewe linamwambia neno hilo lina silabi ngapi na linaishia wapi. Mwenye kutunga kwa namna hiyo haihitaji meza. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, mwimbaji wa taarabu, hakupata kwenda shule, alipita akiuza vyungu kwa miguu huku akiimba, na sauti iliyojengwa katika safari hizo ndiyo iliyokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye sahani za santuri.

Ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni Mwana Kupona binti Mshamu wa visiwa vya Lamu, aliyetunga utenzi wa wasia kwa binti yake mwaka 1858, miaka takriban miwili kabla ya kufariki. Mwanzoni mwa utenzi huo anaeleza kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwambia binti yake asogee, akae mbele yake na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana maneno anayotaka kumwambia. Tangu niwe na mgonjwa ndani ya nyumba ninaisoma sehemu hiyo kwa namna nyingine. Wino na karatasi vinaitwa mwishoni, wakati maneno yamekwisha kuwa tayari moyoni. Mwaka wa ugonjwa, ambao mtu mwingine angeuhesabu kuwa mwaka uliopotea, kwake ulikuwa mwaka wa kutunga, na beti zipatazo mia moja zilizotoka humo bado zinasomwa.

Baada ya kuibiwa simu nilijiwekea utaratibu ambao ninaufuata mpaka leo, na ambao nitaueleza kama ulivyo, kwa kuwa unaweza kumfaa mtu mwenye safari ndefu kama yangu. Ninapopanda gari asubuhi ninachagua jambo moja tu, kwa kawaida jibu ambalo mhusika mmoja anamjibu mwenzake, na ninalikalia hilo hilo hadi Mnazi Mmoja. Siandiki chochote. Ninalisema kimoyomoyo, ninalibadilisha, ninalisema tena. Wiki moja nzima, kwa mfano, nilikuwa ninatafuta maneno ambayo mwanamke wangu anamwambia mchuuzi aliyejifanya anaijua biashara kuliko yeye. Pale Tabata Bima sentensi ilikuwa: "Mimi nawajua samaki hawa kuliko wewe." Ni maneno ya kweli lakini yamekufa, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuyasema juu ya kitu chochote, hata juu ya matofali. Kwenye foleni ya Buguruni, siku ya pili, ikawa: "Samaki hawa nimewajua kabla yako." Hapo ilikuwa imeanza kupata mapigo, ila bado samaki hawaonekani. Siku ya nne, tukikaribia Ilala Boma, nikaipata: "Wewe samaki umewakuta gengeni, mimi niliwapokea wakiwa bado wanapumua." Nilijua imekaa kwa sababu nilijaribu kuongeza neno ikakataa, nikajaribu kupunguza ikakataa. Nilishuka nayo, nikaenda nayo kazini, nikafunga nayo hesabu za siku, nikapika nayo, na Jumamosi alfajiri nilipokaa mezani ilikuwa bado nzima, na nyuma yake likaja tukio lote la kurasa tatu.

Hapo ndipo ninapoona kwamba dakika sita za dumu moja zinatosha. Mtu asiye na kitu kichwani hawezi kufanya lolote kwa dakika sita, na ndiyo maana mapumziko ya chakula cha mchana hayakunisaidia kitu wakati ule nilipokuwa ninajaribu kuyatumia kuandika. Aliyeingia na sentensi iliyokwisha kutungwa anaiandika kwa dakika moja, na tano zilizobaki anazitumia kuifuata inakokwenda. Dumu la kwanza na la pili kwa kawaida huishia kwenye chai na kusoma nilipoachia. Kati ya la tatu na la nane ndipo kazi inapofanyika. La tisa na la kumi ni ya kusahihisha, na tayari huko chumbani mama ameanza kujigeuza na mawazo yangu yameanza kwenda kwenye dawa zake.

Ninaweka kumbukumbu, kwa kuwa nisipoweka kumbukumbu siwezi kulala, ndiyo kazi iliyonilea. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kaunta buku ninapiga mstari kwa kila alfajiri niliyoandika, na mistari hiyo sasa imefika 241. Asubuhi njema hunipa ukurasa mmoja, maneno mia mbili au zaidi kidogo, kwa hiyo nina maneno kama 48,000. Alfajiri zilizopotea zinazidi 100. Zimo zile za mkesha wa tarehe 7 na tarehe 20, ambapo akili yangu hubaki kwenye ritani hata nikiwa nimelala. Zimo wiki tatu ambazo mama alikuwa amelazwa. Zimo siku ambazo maji yalitoka na mimi sikuamka, nikaja kugundua kwamba mume wangu alikuwa ameamka kimya kimya akateka yote na kuniacha nilale. Hizo za mwisho sizihesabu kuwa hasara.

Kuna ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba anayetaka kuwa mwandishi lazima aandike kila siku bila kukosa. Siukubali, na ninasema hivi kwa heshima kwa wale ambao umewafaa. Mama mwenye mgonjwa na watoto akiambiwa lazima aandike kila siku, siku ya nne atakuwa amekosa, siku ya kumi atakuwa amejihukumu, na mwezi wa pili atakuwa ameacha. Kutunga ndiko kunakopaswa kuwa kwa kila siku, kwa sababu kunawezekana kila siku, hata kwenye benchi la hospitali. Kuandika kunaweza kusubiri Jumanne.

Katika miezi ile niliyokata tamaa nilisoma tena maisha ya Shaaban Robert, nikashangaa jinsi nilivyokuwa nimeipita sehemu moja bila kuiona. Tunamkumbuka kama bingwa wa lugha, na tunasahau kwamba alikuwa mwajiriwa. Aliingia kazini mwaka 1926, akiwa karani wa forodha Pangani, akaitumikia idara hiyo mpaka 1944. Akahamishiwa idara ya mifugo Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka mwaka 1960, miaka miwili tu kabla ya kifo chake. Karani wa forodha! Mimi ambaye mikono yangu inanuka hati za mizigo kila siku nilifarijika kupita kiasi kumfikiria akijaza orodha za shehena mchana. Mwalimu Nyerere naye alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akiwa rais wa nchi changa, na ya pili mwaka 1969. Ninafikiri hakuichagua tafsiri bure. Tafsiri ina subira: mstari ulioachwa katikati kwa sababu ya kikao utaukuta palepale ukirudi, haujakimbia, wakati hadithi unayoibuni mwenyewe hupoa usipoigusa.

Pamoja na hayo, sitaki kumwambia mwanamke mwenzangu kwamba ikiwa wakubwa hao waliweza basi naye anaweza. Shughuli zao zilikuwa nzito, lakini jioni walipokaa kuandika kulikuwa na mtu mwingine aliyejua kama unga umebaki au umekwisha. Saa za mwanamke mwenye nyumba huwa chache, na zaidi ya uchache wake zimevunjikavunjika, na katika kila kipande kuna sikio moja lililobaki wazi kwa ajili ya mtu mwingine. Nililopata mimi ni kukubali sikio hilo libaki wazi. Ninaandika huku ninasikiliza maji na kumsikiliza mama, na sijaribu tena kuyaziba hayo yote ndipo nianze.

Kuna nilivyoviacha. Nililala saa tano kwa miaka mingi. Sasa saa tatu na nusu niko kitandani, na tamthilia za televisheni ambazo wenzangu wanazizungumzia kazini sizijui tena. Nilikuwa katika vikundi viwili vya kuweka na kukopa, nikabaki na kimoja. Binti yangu aliwahi kuniambia, kwa wasiwasi wa kweli, "Mama, siku hizi unasema peke yako ukiwa unaosha vyombo," nikamkalisha nikamweleza ninafanya nini, na sasa akinikuta midomo inacheza hunyamaza mpaka nimalize, kisha ndipo huniamkia na kuomba hela ya daftari.

Jumamosi iliyopita, dumu la tatu likiwa linajaa, nilisikia mama ananiita. Nilidhani anataka kugeuzwa. Tangu apate kiharusi maneno yake hutoka polepole, moja moja, na lazima umpe nafasi.

"Kila siku naona taa," akasema. "Unaandika nini, mwanangu?"

"Abee, mama. Naandika habari za bibi. Za kule ufukweni."

Akaniambia nimsomee. Sikuwahi kumsomea mtu yeyote ndani ya nyumba hii. Nilikwenda kuchukua kaunta buku, nikahamisha mpira kwenye dumu la nne, nikarudi kukaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamsomea ile sehemu ya bibi akitunga vibua, jinsi anavyoipitisha kamba kwenye shavu na kuitolea mdomoni. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amelala.

"Si kamba," akasema.

"Abee, mama?"

"Samaki hatungwi kwa kamba. Kamba inamkata shavu, anadondoka. Mama alitumia ukambaa. Anausuka mwenyewe. Kwa miyaa."

Nilikata neno kamba, nikaandika ukambaa, nikamuuliza ulisukwa vipi. Akautoa mkono wake mzima nje ya shuka, akanionyesha kwa vidole unene wake, akaanza kunieleza majani hayo ya miyaa yalichumwa wapi na kuloweshwa siku ngapi kabla ya kusukwa, neno moja, halafu jingine, na mimi nikiandika kila linapotoka. Huko uani sauti ya maji ilipanda ikawa nyembamba, kisha nikasikia dumu la nne linamwagika kwenye sakafu, na mama hakuwa amemaliza, nami sikuinuka.